Chupa ya "sp. 1"

Kwenye rafu ya maabara moja hapa Nairobi kuna chupa ya mnyoo ambayo lebo yake imeandikwa kwa penseli: "sp. 1", yaani spishi ya kwanza isiyo na jina bado. Penseli, kwa sababu wino wa kalamu za kawaida huyeyuka ndani ya ethanoli na kumwacha mnyoo bila jina wala kwao. Mwenye chupa ni rafiki yangu tuliyesoma naye. Aliacha kufundisha biolojia akaenda kuhangaika na viumbe wa matopeni, mimi nikabaki na chaki. Kila nikipita kumsalimia namuuliza, "Dada, bado hamjagundua?" Naye huniangalia kama fundi aliyeulizwa kama ameshagundua nyumba.

Nimeanza kuelewa hasira yake. Neno "kugundua" tunalitumia vibaya, hasa magazetini.

Mnyoo wenyewe ni mnyoo-kijiko. Mwili wake ni kama soseji iliyojaa maji, na mbele ana mkonga bapa wenye mfereji, ambao huutandaza juu ya tope kukusanya chembe za chakula huku mwili umejificha shimoni. Japani yuko mmoja, Ikeda taenioides, ambaye mkonga wake hupita mita 1. Taabu ni kwamba mkonga huo hauwezi kurudishwa ndani ya mwili, na hukatika upesi. Ukipiga jembe kwa pupa unatoka na soseji tupu.

Huyu wa kwenye chupa alichimbwa kwenye tope la mikoko kule Gazi, Pwani ya Kusini. Mzee aliyewaongoza siku hiyo alicheka alipomwona rafiki yangu anapiga picha. "Mwanangu, huyu tunamwona tangu utoto wetu." Basi kama kugundua ni kuwa wa kwanza kuona, habari iliishia hapo, maji yakiwa yamekupwa na jua halijawa kali. Hoja ya mzee haina jibu. Kilichobaki ni kazi nyingine kabisa: kuthibitisha kwamba katika vitabu vyote vya dunia hakuna aliyekwisha kumpa mnyoo huyu jina. Kumbe ili useme "mpya" sharti uwajue wa zamani wote.

Na hapo ndipo pana jasho. Kwanza mnyoo hulazwa usingizi kwenye maji yenye magnesiamu kloridi, la sivyo hujikunja kwa maumivu na hutajua umbo lake. Picha hupigwa akiwa hai, kwa kuwa rangi hupotea. Kipande cha nyama huwekwa kwenye ethanoli kwa ajili ya jeni, maana fomalini huziharibu. Halafu anapasuliwa chini ya hadubini na kuhesabiwa: mikanda ya misuli inayopita kwa urefu wa mwili, jozi za nefridia (viungo mithili ya figo), kama midomo ya nefridia hizo imejisokota au la, zile nywele mbili ngumu karibu na mdomo, vifuko vilivyo karibu na njia ya haja. Siku moja alinikalisha nihesabu mikanda. Nikapata 14. Nikarudia, 15. Nikarudia, 14.

"Mbona inabadilika?"

"Haibadiliki, mwalimu. Ni wewe."

Hata ukoo wake umewahi kuwapiga chenga wataalamu. Mwaka 1940 mtafiti W. W. Newby aliwatenga minyoo-kijiko wakawa faila, yaani kundi kuu, yao wenyewe, kwa kuwa miili yao haina pingili. Mwaka 1997 mtafiti Damhnait McHugh akachapisha ushahidi wa jeni unaowarudisha miongoni mwa anelida, kundi la minyoo wenye pingili, pamoja na nyungunyungu. Pingili walikuwa nazo mababu, wao wakazipoteza. Mimi nilifundisha ule ukoo wa zamani kwa miaka kadhaa bila wasiwasi wowote. Wanafunzi wangu wa wakati huo, mnisamehe.

Mnyoo wa Gazi anafanana na Ochetostoma erythrogrammon, aliyeelezwa mwaka 1828 kutoka Bahari ya Shamu. Jina hilo limebandikwa kwa minyoo ya Bahari ya Hindi hadi Pasifiki, na huenda chini yake wamejificha wengine wasio ndugu wa karibu. Kumaliza ubishi inabidi ulinganishe na vielelezo vya kale, na vingi vilivyotoka pwani zetu viko Ulaya. Rafiki yangu aliandikia makumbusho moja ya huko akiomba picha tu za mnyoo mmoja. Jibu lilichukua miezi, na picha zilikuwa za chupa, si za mnyoo.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kielelezo cha msingi, yule mnyama mmoja anayebeba jina la spishi yake, akichimbwa Kenya akae Kenya. Pale Museum Hill, kwenye makumbusho ya taifa hapa Nairobi, inawezekana. Mwaka 2019 dunia ilisikia habari za Simbakubwa kutokaafrika, mla nyama mkubwa wa kale ambaye mifupa yake ilichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, ikakaa kwenye droo za makumbusho hapa Nairobi kwa miongo. Jina lake ni Kiswahili kitupu na kanuni za kimataifa hazikuona tatizo. Lakini tazama: aliyemgundua alikuta droo. Utafiti mmoja wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kwa wastani hupita miaka 21 tangu kiumbe kukusanywa hadi kuelezwa kama spishi mpya. Miaka 21! Mtoto anazaliwa, anasoma, anapiga kura, mnyoo bado ni "sp. 1".

Wafadhili hupenda kulipia boti, kwa sababu boti ina picha nzuri. Mtu wa kukaa kitini akihesabu misuli hakuna anayemtaka kwenye bajeti. Mimi ningegeuza: boti moja ipungue, wahesabuji wawili waajiriwe. Tope la Gazi haliendi popote, ingawa mikoko yenyewe siwezi kuidhamini.

Wiki iliyopita nilipita tena. Lebo ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya, bado kwa penseli: "Ochetostoma cf. erythrogrammon". Hiyo "cf." maana yake linganisha na. Majibu ya jeni hayajarudi, lakini hesabu za misuli na nefridia zinamvuta kwenye jina la 1828. Nikampa pole.

"Pole ya nini?" akashangaa, akanisogezea hadubini. Kulikuwa na mnyoo wa pili, na alitaka mtu wa kuhesabu mikanda bila kujua yeye amepata ngapi.