Dakika 35 na beseni la maji: je, kazi za vitendo zinafundisha kweli?

Mzazi wa Lamu akilalamikia kazi za vitendo shuleni, haanzi na nadharia ya elimu. Anaanza na ujumbe ulioingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa saa mbili usiku: kesho kila mtoto aje na karatasi ngumu ya manila, gundi, foili na chupa mbili tupu. Mtoto karudi kutoka chuoni, yaani madrasa, hoi, maduka ya Usita wa Mui yanafunga, na mwishowe anayekata na kubandika ni mama. Wiki inayofuata kazi hiyo inaning'inia ukutani, imeshapigwa picha, na mtoto ukimuuliza amejifunza nini anakwambia alitengeneza mashua.

Lalamiko hilo ni la haki. Taabu iko kwenye hukumu inayojengwa juu yake: kwamba kazi za mikono ni mchezo unaokula muda wa hesabu, na kwamba chaki na ubao vilitosha. Hapo panachanganywa mambo mawili. Kutengeneza mashua ya kupamba ukuta ni kazi ya sanaa, nayo ina kipindi chake. Kutatua tatizo ni pale mtoto anapotabiri jambo, anapoweza kukosea, na kosa lake likapimika. Mtaala wetu wa Kenya unahesabu fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi saba wa msingi, lakini mabango mengi yaliyotundikwa madarasani hayana mahali popote ambapo mtoto angeweza kukosea. Manila haizami.

Ichukue mashua hiyohiyo uigeuze swali. Kila kundi lipewe kipande cha foili cha mraba, sentimita 20 kwa 20, na agizo moja: kunjeni kisanduku kisicho na kifuniko kitakachobeba mchanga mwingi kuliko vingine kabla ya kuzama. Masharti ni matatu. Hakuna kukata, hakuna selotepu, na kuta zote nne ziwe na kimo kimoja. Sharti la kukata lina sababu. Watoto hukimbilia kukata pembe na kuzibandika. Selotepu ikiloa huachia, na chombo huvuja pembeni kabla hakijapakiwa chochote. Pembe ikikunjwa kama ya bahasha na kulazwa ubavuni, maji hayapiti. Foili iliyotobolewa kwa kucha itupwe, maana kiraka hakiishiki. Foili ikikosekana kabisa, pakiti ya jusi ya lita moja ikifunguliwa na kuoshwa hutoa mraba wa kipimo hicho, ila mikunjo yake ichorwe kwa rula na kukwaruzwa kidogo kwanza, la sivyo haikai.

Sasa hesabu, na hapa inafaa kukaa kidogo. Ukikunja ukuta wa sentimita 1, kitako kinabaki 18 kwa 18 na ujazo ni sentimita za ujazo 324. Ukuta wa 2 unakupa kitako cha 16 na ujazo wa 512. Ukuta wa 3, kitako 14, ujazo 588. Wa 4, kitako 12, ujazo 576. Wa 5, kitako 10, ujazo 500. Wa 6, kitako 8, ujazo unaporomoka hadi 384. Karatasi ni ileile muda wote. Watoto wengi, na watu wazima si haba, hudhani kwamba kwa kuwa karatasi ni moja basi visanduku vyote vitabeba sawa. Wengine hudhani ukuta mrefu ndio mshindi daima. Makosa yote mawili ni ya maana, na yote mawili hayaonekani mtoto anapopewa urefu, upana na kimo vilivyokwisha andikwa akaambiwa azidishe.

Chombo kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake pamoja na mzigo wake, na maji matamu yana uzito wa gramu 1 kwa kila sentimita ya ujazo. Kwa hiyo kisanduku cha 588, kwa nadharia, kinabeba karibu gramu 588 maji yakiwa mdomoni mwake. Foili yenyewe haifiki gramu 2. Mchanga mkavu upimwe kwa kifuniko cha chupa ya maji kilichosawazishwa kwa rula, ambacho huchukua gramu 10 hivi. Ili kupata kipimo cha kifuniko chenu, pimeni vifuniko kumi kwa pamoja kwenye mizani ya duka, kisha mgawanye. Tukishika gramu 10, jedwali linatabiri vifuniko 32, 51, 58, 57, 50 na 38.

Tazama 58 na 57. Gramu 12 tu ndizo zinazotenganisha ukuta wa 3 na ukuta wa 4, sawa na kifuniko kimoja na tone. Hakuna darasa litakaloweza kupima tofauti hiyo kwa mikono ya watoto, na kundi la ukuta wa 4 linaweza kabisa kulishinda la ukuta wa 3 kwa sababu tu mmwagaji wao ana mkono mtulivu. Mwalimu mwenye haraka atatangaza mshindi, makofi, basi. Mwalimu aliyeielewa kazi atauliza: tukirudia mara tatu, atashinda huyuhuyu? Na huenda mtoto mmoja akauliza kuhusu ukuta wa 3 na nusu. Jibu ni 591.5, na hapo darasa la gredi ya tano limegusa jambo, kutafuta kimo chenye ujazo mkubwa kuliko vyote, ambalo sekondari hulisubiri kwa miaka.

Tena hakuna kundi litakalofika 58. Mchanga ukirundikwa upande mmoja chombo huinama, mdomo unagusa maji na safari inaishia hapo. Kuta laini hupinda. Mchanga wenye unyevu hushikana, na kila kifuniko kinakuwa na uzito wake. Kwenye kuinama mtoto wa Lamu ana mtaji ambao wa bara hana: amewaona mabaharia wakihamisha mifuko ya farumi, uzito wa kukituliza chombo, na miili yao wenyewe kuizuia mashua isilale. Mwulize kwa nini chombo chao kilizama mapema kuliko daftari lilivyosema, na atakujibu kwa ujuzi alionao tayari.

Mpinzani makini atasema jedwali hilo la mistari sita linaandikika ubaoni kwa dakika kumi bila kulowesha kitu. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba mtoto asiyeweza kuzidisha 14 kwa 14 beseni halimfai kitu. Kisichoandikika ubaoni ni pengo kati ya kilichotabiriwa na kilichotokea, na kazi ya kutafuta sababu za pengo hilo ndiyo utatuzi wa tatizo wenyewe. Pengo likiondolewa, imebaki hesabu ya kuzidisha yenye mchanga mezani.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi ya hiyo, na watetezi wa vitendo huipita kimyakimya. Mwaka 2006 watafiti wa elimu Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika kwamba mwanafunzi mgeni wa jambo akiachwa aligundue mwenyewe hulemewa, kwa kuwa kumbukumbu ya muda mfupi haibebi mengi kwa wakati mmoja, na kwamba mwongozo wa wazi humfaa zaidi. Mtafiti mwingine, Manu Kapur, kuanzia 2008, akaonyesha kinyume chake kwa sehemu: kuhangaika kwanza na kufundishwa baadaye huzaa uelewa wa ndani zaidi. Lakini uchambuzi wa tafiti nyingi alioufanya na Tanmay Sinha, uliotoka 2021, haukuiona faida hiyo kwa watoto wa darasa la pili hadi la tano. Hao ndio watoto tunaowazungumzia hapa.

Huku kwetu hoja hiyo hujibiwa kwa kutaja mafundi wa Matondoni, kijiji cha Lamu cha waunda mashua. Wanajenga vyombo bila mchoro, wamejifunza kwa kutenda, basi kujigundulia ni asili yetu. Mfano huo unamsaidia Kirschner. Kijana anayejifunza uundaji wa mashua haachwi agundue. Anasimama kando ya fundi kwa miaka, anapewa kwanza kushika ubao, kisha kutia kalafati ya kuziba nyufa, na kila akikosea anaambiwa papo hapo. Wanafunzi wa fundi mmoja ni wachache. Wa mwalimu mmoja wanaweza kuzidi hamsini.

Kwa hiyo kinachotetewa hapa ni kazi ya vitendo yenye mwongozo mkali. Kanuni ya ujazo ifundishwe kabla, kwa chaki, na ikaririwe. Kukariri hakujawahi kuwa adui. Mtoto anayehifadhi juzuu chuoni anajua hilo kuliko sisi. Masharti yasizidi matatu, jedwali lichorwe na mwalimu, na kinachoachwa wazi kiwe kimoja tu: kimo cha ukuta.

Kinachoziua kazi hizi mara nyingi ni saa. Kipindi cha gredi ya nne hadi ya sita ni dakika 35. Chukua wanafunzi 48, makundi manane ya sita sita. Kugawa vifaa dakika 5, kueleza masharti 3, kukunja 10, kujaribu majini 10, kufuta maji na kurudisha mabeseni 6. Jumla 34. Imebaki dakika moja ya kujadili kwa nini chombo kilizama, na kengele inalia. Shule ikifanya hivyo mara tano kwa muhula, mtoto atakuwa amezamisha mashua tano na kujadili dakika tano. Mzazi anayesema ni mchezo, kwa darasa la namna hiyo, hajakosea hata kidogo.

Dawa yake ni kuigawa. Kipindi cha kwanza kiwe cha Hisabati, bila tone la maji: kukunja, kupima, kuzidisha, kuandika utabiri. Cha pili kiwe nje, chini ya mwarobaini, kwa mabeseni manne tu, makundi mawili kila beseni. Moja linapakia huku jingine linahesabu na kuandika, kisha wanabadilishana. Dakika 4 za kutoka, 12 za majaribio, 4 za kusafisha, 15 za mazungumzo yasiyo na maji karibu. Gharama? Roli moja ya foili ya upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 5 hutoa vipande 25, yaani makundi manane mara tatu na kimoja cha akiba. Shule inunue roli hiyo, na mzazi asitumiwe ujumbe wowote. Maji ya kisima yakiwa adimu, ya bahari yanafaa: yanaongeza uwezo kwa karibu asilimia 2.5 tu, kifuniko kimoja na nusu.

(Yeyote anayetaka kuonyesha kwamba maji ya chumvi huinua vitu zaidi asitegemee yai na maji ya bahari. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na yai bichi jipya huzama humo vilevile. Inahitajika chumvi zaidi ya gramu 100 kwa lita.)

Kuna kazi nyingine maarufu ambayo ningeiogopa: kichujio cha chupa chenye pamba, makaa, mchanga na kokoto. Mchanga usipooshwa mara kadhaa, maji hutoka machafu kuliko yalivyoingia. Yakitoka meupe ndiyo hatari zaidi, kwa sababu vijidudu na chumvi iliyoyeyuka vimo bado, na mtoto mwenye kiu atayanywa. Kwenye visima vya chumvi vya Lamu hilo linaweza kuwa swali zuri, mbona matope yamebaki na chumvi imepita, ila liulizwe mwalimu akiwa ameshika chombo mkononi mwake.

Hoja ya mtihani imebaki. KPSEA, tathmini ya kitaifa ya gredi ya sita, kwa sehemu kubwa ni ya kuchagua majibu, na mwalimu ana haki ya kuuliza pengo la vifuniko litampatia mtoto alama gani. Moja kwa moja, chache sana. Ndiyo maana kazi mbili za namna hii kwa muhula zinatosha, ya kwanza kabla ya wiki ya nne, huku jedwali la kuzidisha na tahajia vikiendelea kwa mazoezi ya kila siku. Mwalimu mkuu anayetaka kujua kama zilifanyika aombe madaftari: safu ya utabiri yenye tarehe ya kipindi cha kwanza, safu ya kilichopimwa, na chini yake sentensi mbili za mtoto mwenyewe akieleza kwa nini havikulingana. Safu zote mbili zikilingana sawasawa darasa zima, aulize nani aliyafuta majibu ya kwanza.