Gita zito: pikapu ya betri au isiyo na betri?

Mpiga gita Tony Iommi alipoingia studio na bendi ya Black Sabbath mwaka 1969, kurekodi albamu yao ya kwanza, gita lake la Gibson SG lilikuwa na pikapu (vinasa sauti vinavyokaa chini ya nyuzi) za koili moja, yaani msokoto mmoja wa waya, zile ambazo leo muuzaji atakwambia hazifai kabisa kwa muziki wa metali, ile roki nzito. Mashine ya kiwanda cha mabati mjini Birmingham ilikuwa imemkata ncha za vidole viwili, na kwa kuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, mkono ulioumia ndio unaokandamiza nyuzi. Akatumia nyuzi nyembamba, na kufikia 1971 akawa anazilegeza kwa nusu toni tatu. Uzito ule ulitoka mkononi, kwenye nyuzi zilizolegea na kwenye amplifaya iliyofunguliwa sauti hasa.

Naanza na Iommi kwa sababu vijana wanaoingia kwenye metali huniuliza swali moja: pikapu gani ina nguvu kuliko zote? Naona swali hilo linawapotezea pesa.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Koili moja hunasa pia mvumo wa umeme wa nyumba, na ukiongeza mkwaruzo (ile sauti iliyochanika ya metali), mvumo nao unapanda. Mwaka 1955 Seth Lover wa Gibson aliunganisha koili mbili zinazopingana, mvumo ukafutika. Kwa anayeanza leo, koili mbili karibu na brichi (daraja la nyuzi kwenye mwili wa gita) sina ubishi nazo. Ubishi unaanzia kwenye betri.

Wapenzi wa pikapu kali zisizo na betri wana historia upande wao. Mwaka 1972 Larry DiMarzio alitoa Super Distortion, yenye sumaku ya seramiki na waya mwingi, ili isukume amplifaya ya valvu ianze kukwaruza mapema. Enzi hizo amplifaya nyingi hazikuwa na mkwaruzo wa kutosha zenyewe. Siku hizi hata programu ya simu inao mwingi kuliko unaouhitaji. Sababu imepungua, imani imebaki: watu wananunua kwa kusoma kiloomu, 16 inaishinda 8. Namba hiyo inapima upinzani wa waya tu, na waya mwembamba zaidi huipandisha hata mizunguko ikiwa ile ile. Mizunguko ikizidi kweli, sauti za juu hufifia na za kati hufura. Legeza uzi wa sita mpaka B juu ya pikapu ya namna hiyo, ziba nyuzi kwa kiganja, piga haraka. Ulitaka vishindo vinavyoachana, unasikia uji.

Hapo ndipo EMG 81, pikapu ya kampuni ya EMG, na wenzake wa betri ya volti 9 walipojipatia heshima. Koili zina mizunguko michache, na kikuza sauti kidogo kimefichwa humo ndani. Mvumo unakuwa hafifu, waya mrefu wa kwenda kwenye amplifaya haunyonyi sauti za juu, na ukisimamisha mkono, kimya kinaingia papo hapo. Sikiliza mkono wa kulia wa James Hetfield wa Metallica: nusu ya kazi yake imo katika vile vimya vifupi.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Kwa kawaida nyuzi za gita huunganishwa na ethi, na kupitia nyuzi, mwili wako pia. Ukumbi ukiwa na nyaya za kubahatisha, midomo ikigusa maiki, unapigwa shoti. EMG huelekeza kwamba pikapu zao hazihitaji nyuzi kuunganishwa na ethi. Nimeshaionja shoti hiyo mdomoni, katikati ya ubeti, na tangu hapo siwezi kumwambia mtu anayeimba huku anapiga kwamba betri ni usumbufu tu.

Lakini usumbufu upo. Betri inaanza kuliwa mara tu unapochomeka jeki. Isahau usiku kucha mara kadhaa, utajikuta jukwaani na sauti nyembamba inayokatika. Ukibadili gita la kawaida, nobu za kurekebisha sauti nazo zinabadilishwa, kutoka kiloomu 500 hadi 25, na betri itafutiwe nafasi. Zito zaidi kwangu ni mguso: ukipiga kwa upole na ukipiga kwa hasira, tofauti inapungua. Dimebag Darrell wa Pantera alitumia pikapu ya Bill Lawrence isiyo na betri, na sauti yake ilikata kama msumeno.

Wapigaji wengi ninaowajua wana gita moja. Jumamosi metali, Jumapili kanisani, katikati ya wiki bendi ya dansi, ambako gita la solo linatakiwa noti ziachane kama punje. Pikapu ya koili mbili yenye nyaya nne fundi anaweza kuiwekea swichi ikageuka koili moja; EMG 81 haigawanyiki. Mwenye gita moja la kazi zote hizo namshauri achukue isiyo na betri, ya nguvu ya wastani. Mwenye gita la metali peke yake, au anayeimba kwenye majukwaa yenye umeme wa mashaka, anunue ya betri bila kusita.

Na kabla ya kutoa hata shilingi, shika bisibisi. Magita mengi niliyoletewa kwa sababu “sauti haina nguvu” yalikuwa na pikapu iliyopandishwa mpaka karibu iguse nyuzi. Sumaku ikisogea hivyo inauvuta uzi, uzi hautikisiki kwa uhuru. Kandamiza uzi wa sita kwenye freti ya mwisho, shusha upande wa besi mpaka ibaki nafasi ya milimita 2 hivi. Kisha shusha kwa nusu mzunguko wa skrubu, ziba kwa kiganja, piga. Nusu mzunguko, piga tena. Vishindo vikianza kuachana, rudisha bisibisi mezani.