Eduardo Coutinho na kazi ya kusikiliza

Mbrazili Eduardo Coutinho, aliyefariki mwaka 2014, hutajwa zaidi kuwa bingwa wa filamu za hali halisi, na majaribio ya kisanaa huhesabiwa kuwa kazi ya wengine. Mimi siukubali mgawanyo huo. Coutinho alifanya majaribio makubwa, ila aliyafanya mahali ambapo wengi hawayatafuti, yaani katika mazungumzo ya watu wawili waliokaa wakitazamana.

Ushahidi wangu wa kwanza ni filamu yake Jogo de Cena ya mwaka 2007. Coutinho alitoa tangazo gazetini kuwaalika wanawake wa Rio de Janeiro waje kusimulia maisha yao. Wakajitokeza 83, naye akawarekodi 23 katika ukumbi wa michezo ya kuigiza, wakiwa wameketi jukwaani huku nyuma yao kukiwa na viti vitupu vya watazamaji. Baadaye aliwapa waigizaji masimulizi yaleyale wayaseme kana kwamba ni yao. Wengine wana sura zinazojulikana Brazili nzima na wengine hawajulikani kabisa, kiasi kwamba mtazamaji humlilia mama anayeeleza msiba wake, kisha akaanza kujiuliza kama msiba ule ni wa huyu anayemwona au wa mwingine. Fernanda Torres, mwigizaji mwenye uzoefu mkubwa, anafika mahali anakwama, anasimama, na kukiri kwamba inamwia vigumu kumbeba mtu ambaye yupo hai na ana uzito wake mwenyewe. Coutinho hakuikata sehemu hiyo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo filamu inapoonyesha heshima yake kuu, kwa sababu inatufanya tuone jinsi maneno ya mwanamke asiye na jina kubwa yalivyo mazito hata kwa fundi wa kuigiza.

Alipenda kujiwekea masharti ya namna hiyo. Kwa filamu ya Edifício Master, ya mwaka 2002, alijifunga kurekodi ndani ya jengo moja tu lenye nyumba 276 huko Copacabana, mtaa wa Rio de Janeiro.

Wapo wanaomlaumu kwamba kwa kukaa na watu mmoja mmoja aliiacha siasa. Ningewaomba warudi kwenye filamu yake Cabra Marcado para Morrer. Mwaka 1964 alikuwa kaskazini-mashariki mwa Brazili akitengeneza filamu ya kuigiza kuhusu João Pedro Teixeira, kiongozi wa wakulima wa Sapé aliyeuawa mwaka 1962, na mjane wake Elizabeth aliigiza nafasi yake mwenyewe. Wanajeshi walipoipindua serikali, askari walivamia Galileia, kijiji walichokuwa wakipigia picha, wakachukua vifaa na kuwakamata baadhi ya watu. Picha zilizonusurika ni zile zilizokuwa zimekwisha kupelekwa Rio kusafishwa. Elizabeth alijificha kwa jina la uongo, na watoto wake wakatawanyika.

Coutinho aliporudi mwaka 1981 angeweza kuikamilisha hadithi ile kwa waigizaji wapya. Badala yake aliwaonyesha wakulima picha za zamani, wakajiona vijana, wakawataja wenzao waliokwisha kufa, na huko kutazama kwao kukawa ndiyo filamu. Akamtafuta pia Elizabeth hadi akamkuta São Rafael, katika jimbo la Rio Grande do Norte, ambako majirani walimfahamu kwa jina la Marta. Siku ya kwanza mama huyu anazungumza kwa tahadhari, mwanawe mkubwa akiwa kando yake akimhimiza aishukuru serikali iliyowasamehe. Siasa ya filamu hii naiona katika subira ya Coutinho, ambaye hakumsukuma wala kumtafutia maneno. Mazungumzo yakaendelea, na wakati wa kuagana, wageni wakiwa tayari kuondoka, Elizabeth anapaza sauti na kusema kwamba mapambano hayajakoma, kwa kuwa njaa na ujira duni bado vipo. Kamera ilikuwa haijazimwa.