Anza na mboji, mbegu zitasubiri

Vuli ikikaribia, majirani huniuliza wanunue mbegu gani. Nami huwauliza: mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyooza, unayo? Wengi hawana, na hapo ndipo bustani nyingi za mboga za asili, zisizotumia mbolea wala dawa za viwandani, hapa Dar zinapofia. Mtu ananunua pakiti za hoho, karoti na spinachi, anasia kwenye mchanga wa Kigamboni, anamwagilia kwa bidii, miche inatoka ya njano. Mwisho anakimbilia duka la pembejeo kununua yurea, mbolea ya kiwandani, na kilimo hai kinaishia hapo.

Mchanga wa pwani haushiki maji wala rutuba. Umwagilie asubuhi, jua la saa nane litaukuta umeshakauka. Dawa yake ni mboji, na vya kuitengenezea tunavitupa kila siku: maganda ya ndizi, machicha ya nazi, majani ya chai, mashina ya mchicha. Panga tabaka la vitu vibichi, juu yake tabaka la majani makavu ya mwembe au maganda ya mpunga, samadi kidogo, nyunyizia maji, funika. Baada ya siku chache chomeka kijiti hadi katikati ya rundo. Kikitoka cha moto na kimelowa kidogo, kazi inaendelea. Kikitoka kikavu, ongeza maji. Rundo likinuka uozo, limezidi ubichi: changanya makavu zaidi na uligeuze. Mifupa na mabaki ya nyama usiweke, vitaita panya. Miezi miwili au mitatu ikipita, utachota kitu cheusi kinachochambuka mkononi na kunukia kama ardhi iliyopata mvua. Ndiyo maana nasema anayeitaka vuli ya Oktoba aanze rundo lake kwenye kipupwe, mwezi wa saba.

Samadi ya kuku ni nzuri sana, ila ikiwa mbichi inaunguza miche. Ipitie kwanza kwenye rundo.

Kuhusu cha kupanda, mimi ni mtu wa matembele. Omba vipande vya mashina kwa jirani, chomeka, mwagilia. Unachuma na yanachipua tena. Mchicha nao ndani ya mwezi mmoja uko sufuriani. Karoti na hoho zije baadaye, udongo ukishakaa sawa. Uliyepanga chumba, viroba vya mchele vilivyotobolewa chini vinatosha kabisa.

Vidukari wakijaa chini ya majani ya sukuma wiki, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, weka sabuni kidogo, nyunyizia jioni, kwa kuwa jua kali huidhoofisha dawa hiyo.

Jambo moja silegezi msimamo: mboga iliyomwagiliwa maji ya mtaro au ya Mto Msimbazi siiti ya asili, hata kama haijaguswa na dawa ya dukani. Mto ule unapokea majitaka na taka za viwandani. Uchafu wa juu ya jani utauosha, lakini madini ya risasi yenye sumu, yaliyopandia mizizini hadi ndani ya jani hayaoshwi na maji ya bomba wala hayaondoki kwa kuchemsha. Na hata udongo wa kujazia viroba, muulize anayekuletea ameuchota wapi. Akisema kando ya mto, dampo au gereji, mrudishie.