Nani Alinde Taka ya Nyuklia: Mlinzi au Mwamba?

Tangu mtambo wa majaribio wa kuchakata urani uzinduliwe Namtumbo mwaka 2025, huku kwetu Lindi na Mtwara umeme wa nyuklia umeingia kwenye maongezi ya barazani. Vijana wanauliza ajira, wazee wanauliza madhara ya mionzi. Swali la mwisho wa safari haliulizwi sana: kinu kikishatoa umeme, mabaki yatakaa wapi, na kwa muda gani?

Kinachowashwa kinuni tunakiita mafuta, lakini hayamiminiki. Ni vidonge vigumu vya urani, kila kimoja kama ncha ya kidole, vilivyopangwa ndani ya mirija mirefu ya metali. Vikitoka kinuni vina joto kali na mionzi ya kuua, hivyo huzamishwa kwenye bwawa la maji kwa miaka kadhaa, kisha huweza kuhamishiwa kwenye makasha mazito ya chuma na zege. Mionzi mingi hufifia ndani ya miaka mia chache. Plutoniamu-239, metali yenye mionzi iliyozaliwa humo kutokana na urani, ndiyo yenye ukaidi: huchukua miaka 24,100 kupungua nusu, na mingine 24,100 nusu hiyo ipungue nusu tena.

Wapo wanaosema makasha yabaki juu ya ardhi, yalindwe na kukaguliwa. Hoja yao ina uzito. Kasha likipata ufa, unauona na kuuziba. Tena zaidi ya asilimia 90 ya kilichomo bado ni urani, na Ufaransa huichakata upya pale La Hague. Kwa nini tukifukie kitu ambacho wajukuu wanaweza kukihitaji? Wanatukumbusha pia Asse, mgodi wa chumvi wa Ujerumani. Kati ya 1967 na 1978 yalishushwa humo mapipa yapatayo 126,000 ya taka za mionzi, ingawa si mafuta ya kinu. Maji yakaanza kupenya, na sasa sheria inataka mapipa yote yatolewe. Waliozika kwa haraka wamewaachia watoto wao kazi ya kufukua.

Nilikuwa upande huo, mpaka siku niliyosimama Kilwa Kisiwani, ndani ya Husuni Kubwa. Jumba lile lilijengwa kwa mawe ya matumbawe ukingoni mwa bahari, miaka isiyofika 800 iliyopita. Leo paa hakuna, na mizizi imejipenyeza kwenye kuta. Waliolijenga hawakuwa wazembe. Mji wao ulifua sarafu zake wenyewe, na Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 aliusifia uzuri wake. Mwaka 1505 Wareno wakauvamia. Kasha la zege linahitaji mlinzi, mlinzi anahitaji mshahara, na mshahara unahitaji serikali. Katika pwani hii sijui dola iliyokaa miaka elfu mbili, achilia mbali 24,100.

Ndiyo maana Wafini, watu wa Finland, wameamua kuuamini mwamba. Kule Onkalo, katika manispaa ya Eurajoki, wamechimba hadi mita 430 hivi kwenda chini, ndani ya mwamba wenye umri wa karibu miaka bilioni 1.9. Mabaki yatawekwa kwenye mikebe ya shaba yenye kiini cha chuma, kisha kila mkebe uzungushiwe udongo uitwao bentonaiti. Udongo huu ukilowa huvimba na kuziba nafasi. Adui wa kweli wa taka hii ni maji, kwa kuwa ndiyo yanayoweza kula shaba na kubeba sumu hadi kisimani. Wapo wanasayansi wa Uswidi waliotilia shaka uimara wa shaba hiyo, na mjadala ulikuwa mkali kabla serikali yao haijaridhia mradi wa namna hiyo Forsmark mwaka 2022.

Mwamba una ushahidi wake hapa Afrika. Oklo, nchini Gabon, urani iliwaka yenyewe kama kinu cha asili yapata miaka bilioni mbili iliyopita, jambo lililogunduliwa mwaka 1972. Plutoniamu iliyozaliwa humo ilikwisha kuoza ikiwa palepale ilipozaliwa.

Hata hivyo Lindi inanizuia nisishangilie mapema. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru ilitunzwa ardhini miaka milioni 150. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani aliyekuwa akitafuta madini akaikuta imechomoza. Kati ya 1909 na 1913 wenyeji wakaichimba na kuibeba vichwani hadi bandari ya Lindi, ikapelekwa Berlin. Mita 430 ni mbali kuliko mifupa ile, lakini mtafuta madini wa mwaka 9000 atasoma kibao cha onyo cha lugha gani?

Kwangu mwamba bado unashinda, kwa sharti moja: wenyeji wawe na haki ya kukataa. Mwaka 1987 Bunge la Marekani liliuchagua mlima wa Yucca (Yucca Mountain) uzikiwe taka ya nyuklia, ingawa jimbo la Nevada ulipo lilikataa; taka ilipaswa kuanza kupokewa 1998, na mpaka leo hakuna hata mkebe mmoja ulioingia. Eurajoki walikuwa na haki ya kisheria ya kukataa. Mwaka 2000 madiwani wao walipiga kura, 20 wakakubali na 7 wakapinga. Sisi wa Mtwara tunakumbuka Mei 2013, hotuba ya bajeti ya nishati ilipothibitisha bomba la gesi kwenda Dar es Salaam: mji ukawaka moto, na watu wakafa.

Tunaweza pia kufanya kama Bangladesh, iliyosaini na Urusi makubaliano ya kurudisha mabaki Agosti 2017, miezi mitatu kabla zege la kwanza la kinu cha Rooppur halijamwagwa. Lakini ikiamuliwa kuzika nyumbani, macho yatatua kwenye miamba migumu ya kale, na Masasi tunayo, ile milima ya mawe inayoonekana ukiwa bado uko mbali na mji. Nataka diwani wa Masasi awe na kura ya kukataa kama ya diwani wa Eurajoki, imeandikwa kwenye sheria, kabla mashine ya kuchoronga haijashushwa pale.