Mfumo Umechelewa: Je, Tuongeze Watu?

Tarehe 30 Juni ikikaribia, kiongozi mpya wa timu ya programu za kompyuta hapa Dodoma hubanwa na swali moja. Mfumo haujakamilika, mwaka wa fedha unafungwa, na bosi anauliza kwa nia njema kabisa: "Nikuongezee vijana wangapi?" Akijibu kwamba hahitaji, huonekana mwenye kiburi, au anaficha uzembe. Naona anaonewa.

Bosi naye ana hoja. Yeye ndiye atakayejieleza kwa wakubwa wake, na kwenye kazi nyingi mikono mipya inasaidia kweli. Shamba la zabibu kule Hombolo likichelewa kuvunwa, wakiongezwa watu kumi kila mmoja anashika mstari wake na kazi inakwisha mapema.

Programu haigawanyiki hivyo. Mwaka 1975 Frederick Brooks, aliyesimamia ujenzi wa OS/360, mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta) wa kampuni ya IBM, aliandika kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Tupige hesabu. Timu ya watu 5 ina jozi 10 za watu wanaopaswa kuelewana. Wakiwa 10, jozi ni 45. Watu wameongezeka mara mbili, maelewano yanayotakiwa mara nne na nusu! Na hapo hatujagusa suala la kufundishana. Kijana mgeni anafika saa mbili asubuhi, anauliza nywila ya hifadhidata ya majaribio, kisha kwa nini muamala mmoja una namba mbili za malipo. Anayejua majibu ni yule yule aliyekuwa akirekebisha moduli (sehemu ya programu) ya malipo. Inafika saa sita mchana, hakuna aliyeandika hata mstari mmoja.

Wangeletwa Januari, ningesema wapokelewe kwa mikono miwili, kwa sababu muda wa kuwafundisha ungekuwapo. Hata Juni zipo kazi za kuwapa: kufundisha watumiaji, kujaribu fomu moja moja, kuandika mwongozo.

Ila jibu la "sihitaji" pekee halitoshi. Kiongozi aende kwa bosi na orodha mkononi: usajili na malipo vitakuwa tayari tarehe 30, ripoti za robo mwaka zisubiri Agosti. Aende nayo Aprili, wakati bosi bado ana nafasi ya kuwaeleza wakubwa wake kwamba baadhi ya kazi zitasogea mbele.