ECG ya Pili Isiachwe

Mgonjwa wa shambulio la moyo akishazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti, kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa wazi, ndugu huambiwa damu inapita. Ni kweli, ila picha ya angiografia, yaani eksirei ya mishipa ya moyo, huonyesha mishipa mikubwa tu. Mbele yake kuna mishipa midogo mno inayolisha msuli wenyewe, na MRI ya moyo, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, imeonyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa shambulio kubwa, lile linaloinua sehemu ya mchoro iitwayo ST kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo), hubaki nayo imeziba. Vipande vya damu iliyoganda husukumwa huko, chembe nyeupe za damu hujazana, na msuli uliokosa hewa huvimba ukaibana kutoka nje. Wagonjwa hao ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya moyo kushindwa kazi baadaye.

MRI hiyo ni ghali na hapa Tanzania haipatikani kirahisi. ECG, kipimo kilichompatia Willem Einthoven Tuzo ya Nobel mwaka 1924, ipo hata kwenye hospitali nyingi za wilaya. Kwa nini basi tunaitumia kugundua ugonjwa tu, kisha tunaisahau?

Karatasi ya kwanza ya ECG tayari ina habari: mawimbi ya Q, yale mabonde makubwa kwenye mchoro, yakiwa yameshajichora, msuli umeumia sana. Lakini ninayoipigania ni ya pili, ya dakika 60 hadi 90 baada ya matibabu. Linganisha mwinuko wa ST. Ukiwa umeshuka kwa 70% au zaidi, ni dalili nzuri kwamba damu inaufikia msuli. Usiposhuka hata 50% kwa aliyepewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kama streptokinase au tenecteplase, huenda mshipa mkubwa bado umeziba. Apewe rufaa haraka. Kwa mwenye stenti inayopitisha damu vizuri, shaka inahamia kwenye mishipa midogo.

ECG na MRI hazikubaliani kila mara, na hakuna dawa iliyothibitika kuizibua mishipa hiyo. Hata hivyo daktari anayejua atampima mgonjwa huyo ECHO (ultrasound ya moyo) mapema, hataharakisha kumruhusu, na atasimamia dawa za kulinda moyo kwa karibu. Inaniuma karatasi hii inapoachwa eti kwa sababu maumivu yamepungua.

Mgonjwa akihamishiwa hospitali nyingine, karatasi zote mbili ziende naye, kila moja ikiwa imeandikwa saa iliyopigwa na saa ya matibabu.